Je, Kompyuta ya Linux Haishambuliwi?

Wengi huamini kwamba kompyuta inayotumia mfumo endeshi wa Linux haiwezi kupata virusi. Ni kweli kwamba mtumiaji wa kawaida hawezi kubadili mafaili ya mfumo bila nenosiri la msimamizi, lakini ulinzi huo haukingi picha na nyaraka zake mwenyewe, ambazo kwa kawaida programu anayoiendesha inaweza kuzisoma au kuzifuta. Mwaka 2016, programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi zinazotumia Linux kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani. Kwa hiyo sasisha mfumo, pakua programu kutoka hazina rasmi, na kama huingii kwenye kompyuta yako ukiwa mbali, zima SSH, yaani huduma inayoruhusu kuingia huko kwa mbali, hatua ambayo naithamini kuliko programu ya kuzuia virusi. Kwenye Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, ngome ya mtandao iitwayo ufw huja ikiwa imezimwa. Amri ya “sudo ufw enable” huiwasha.