Si kweli kwamba kijana huihimili dhiki ya saratani kuliko mzee

Wengi huamini kwamba mgonjwa kijana, kwa kuwa mwili wake una nguvu, huihimili vyema dhiki ya saratani, ilhali mzee ndiye avunjikaye moyo. Tafiti nyingi zimeonyesha kinyume: kwa wastani, vijana ndio wanaoeleza wasiwasi na huzuni zaidi. Sababu hazifichiki. Mama wa miaka 35 mwenye saratani ya matiti huwaza ada za watoto, kibarua kinachoweza kuota nyasi, na uwezekano wa tiba ya kemikali kumwondolea uwezo wa kuzaa, wala wenzake wa rika hawajapitia hali hiyo. Mzee amekwisha kuugua na kuuguza, amezika wenzake, na mara nyingi hujituliza kwa dua.

Hata hivyo, utulivu huo usituhadae. Wazee wengi hawasemi kwamba wana huzuni. Husema hawana hamu ya kula au hawapati usingizi, nasi (nadhani kwa wepesi mno) tunausingizia uzee. Kipo kipimo rahisi ambacho mgonjwa wa umri wowote hujipa alama ya dhiki yake kuanzia 0 (hana dhiki) hadi 10 (dhiki kubwa kabisa), na kwa kawaida alama 4 au zaidi humfanya mhudumu aulize kwa kina.