Freud, Binswanger na mzazi aliyefiwa

Wanafunzi wa unasihi wakiniuliza uchanganuzi nafsi, tiba inayotafuta chanzo cha maumivu katika mambo yaliyofichika akilini, unatofautianaje na tiba ya udhanaishi, inayouliza mtu anaishije katika dunia yake, huwasimulia urafiki wa madaktari wawili. Sigmund Freud wa Vienna, mwanzilishi wa uchanganuzi nafsi, na Ludwig Binswanger wa Uswisi, aliyekuja kuwa mmoja wa waasisi wa tiba ya udhanaishi, walikutana mwaka 1907. Freud alikosana na wenzake wengi waliompinga. Binswanger alimpinga pia, tena kwenye msingi wenyewe, lakini waliandikiana barua hadi uzeeni.

Neno udhanaishi, yaani falsafa inayohoji maana ya kuishi, wengi tulikutana nalo darasani, kwenye uhakiki wa riwaya. Kwenye tiba lina kazi nyingine, nami naona kazi hiyo inaonekana vizuri zaidi penye msiba.

Tuseme amekuja mama aliyefiwa na mwanawe miaka miwili iliyopita. Hana hamu ya kula, hapati usingizi, na anajilaumu kwa kila kitu. Katika insha yake ya mwaka 1917, Freud alisema aliyefiwa ana kazi ya kufanya: kuliondoa pendo lake kwa marehemu kidogo kidogo, kumbukumbu moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ikikwama, lawama alizokuwa nazo kwa marehemu, ambazo hathubutu kuzikiri, humgeukia yeye mwenyewe. Naliheshimu sana jambo hili. Nimewasikia watu wakijitukana kwa maneno ambayo, ukisikiliza vizuri, yanamhusu aliyekufa: aliyeondoka bila kuaga, aliyekataa kwenda hospitali. Mchanganuzi huyafuata maneno hayo hadi nyuma, hata utotoni, na huangalia pia mama huyu anavyomkasirikia yeye mtabibu anapokwenda likizo.

Binswanger, baada ya kumsoma mwanafalsafa Heidegger, aliona hayo hayatoshi. Alitaka kujua dunia ya mgonjwa imekuwaje kwa mgonjwa mwenyewe: siku zake zinakwendaje, nyumba yake imekuwa finyu kiasi gani. Mama yetu alikuwa na kesho iliyojaa mtoto, na arusi, na wajukuu, na mtu wa kumzika. Sasa kesho hiyo haipo. Hakuna siri ya utotoni inayoieleza hasara hiyo yote, na mtabibu anayeitafuta siri tu anamwacha mama peke yake na swali lake: niishije?

Mwaka 1936 Binswanger alitoa hotuba Vienna kwa heshima ya miaka 80 ya Freud. Freud alimjibu kwa barua kwamba katika jengo la maisha ya binadamu, yeye ameishi siku zote kwenye ghorofa ya chini na chumba cha chini ya ardhi; na kwamba wageni waheshimiwa kama dini na sanaa, ambao Binswanger anawaona wakikaa ghorofa ya juu, yeye Freud angewapatia nafasi huko huko chini kama angekuwa na maisha mengine ya kazi, na dini tayari ameipatia.

Lakini barua ninayoirudia ni ya Aprili 1929. Binswanger alikuwa amefiwa na mwanawe. Freud naye alikuwa amempoteza bintiye Sophie kwa mafua makali mwaka 1920, na siku aliyoandika, Sophie angetimiza miaka 36. Alimwambia rafiki yake kwamba makali ya huzuni yatapungua, ila hawatafarijika kamwe wala hawatapata wa kuziba pengo, na ndivyo inavyopasa, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kuuendeleza upendo wasiotaka kuuacha. Nadharia yake ya 1917 haikusema hivyo.

Siku hizi nikikaa na mzazi aliyefiwa, humwuliza mtoto angekuwa na miaka mingapi leo. Wengi hujibu papo hapo, bila kuhesabu.