Mwanasesere wa Roboti Husikia Nini Anapopigiwa Muziki?

Mwanasesere wa roboti anapotikisa kichwa mbele ya spika, watazamaji wengi hukata shauri papo hapo kwamba ameusikia wimbo na anaucheza. Mimi, ambaye kazi yangu ni vifaa vya sauti, huanza na shaka, kwa sababu inawezekana kabisa kwamba miondoko yote imepangwa kiwandani na sauti imemwamsha tu. Ndiyo maana jaribio langu la kwanza halina muziki. Humwacha katika chumba kimya, kisha nikampigia rekodi ya mtu anayesoma taarifa ya habari, kisha mvumo wa feni. Akicheza mbele ya feni kama achezavyo mbele ya ngoma, sina haja ya kumtafutia nyimbo, kwa kuwa kinachomwendesha ni ukubwa wa sauti peke yake.

Wapo wanaofanya zaidi ya hapo, na anayejulikana sana ni Keepon, roboti mdogo wa manjano mwenye kimo cha sentimita 12, aliyebuniwa Japani na Hideki Kozima kwa ajili ya kuchunguza jinsi watoto, wakiwamo wenye usonji, wanavyojenga mahusiano. Ana kamera mbili machoni na maikrofoni puani, na miondoko yake ni minne tu: kuinama, kugeuka, kuyumba pembeni, na kubonyea. Marek Michalowski, wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, ndiye aliyemwandikia programu ya kucheza kwa mapigo. Video yake ilienea sana mwaka 2007, na mwaka 2011 likatoka toleo la bei nafuu la kuuzwa madukani. Kwa maoni yangu, uchache wa miondoko ndio uliompa sifa, maana mwili usio na mikono wala miguu humwachia mtazamaji kitu kimoja tu cha kuangalia, nacho ni wakati.

Kazi ya kutafuta mapigo kwa kawaida hufanyika hivi. Programu hupima nguvu ya sauti, na kila inapopanda ghafla, hasa kwenye besi, huhesabu kwamba huenda hapo pana pigo. Mfululizo huo hulinganishwa na nakala yake yenyewe iliyocheleweshwa kidogo kidogo, kama mtu anayetelezesha kanga moja ya doti juu ya mwenzake mpaka maua yaoane. Ucheleweshaji unaooanisha vizuri zaidi ndio unaochukuliwa kuwa nafasi kati ya pigo na pigo. Lakini maua huoana zaidi ya mara moja: mapigo yanayopatana kwa nusu sekunde yatapatana pia kwa sekunde nzima. Mtengenezaji hulazimika kuweka mipaka ya kasi inayokubalika, na mipaka hiyo ndiyo ninayoitafuta ninapobadilisha muziki.

Huanza na metronomu, yaani kifaa kinachogonga kwa kasi moja unayoichagua, kwa mapigo 100 kwa dakika, nikaipandisha hadi 120 bila kuizima. Hapo simtazami anavyocheza, bali namtazama anavyobadilika: je, anang'ang'ania kasi ya zamani, anasita, au anarukia mpya mara moja? Kisha hutumia wimbo mmoja uliochapuzwa na kupunguzwa kasi bila kubadilishwa sauti yake. Njia hiyo si yangu. Mwaka 2009 mtafiti Aniruddh Patel na wenzake waliitumia kwa Snowball, ndege kakatua aliyesifika kwa kucheza, wakaona kwamba kweli aliifuata kasi ilipobadilika, ingawa kwa vipindi tu.

Baada ya hapo ndipo huingiza muziki wenyewe. Bongo Fleva haina shida, kwa sababu ngoma ya besi iko wazi na kasi haibadiliki. Singeli ni habari nyingine, kwani hukimbia kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika. Kwa mapigo 240, pigo moja huchukua milisekunde 250, na mota ndogo iliyofungwa ndani ya mwili wa mpira haiwahi kwenda na kurudi. Mwanasesere wangu hukata kasi nusu na kuyumba kwa 120, na sioni kwamba hilo ni kosa, kwa kuwa hata watu wengi huyumbisha mabega kwa kasi hiyo huku miguu ikikimbia. Chakacha humtatiza kwa namna tofauti: mapigo yake madogo sita hugawanyika katika mafungu mawili ya matatu au matatu ya mawili, naye huhama kutoka mgawanyo mmoja hadi mwingine katikati ya wimbo. Kwenye taksimu ya udi inayotangulia wimbo wa taarab, ambapo mpigaji hafungwi na mapigo, jibu sahihi ni kutulia. Wangu hatulii. Kila mdonoo mkali wa uzi humfanya ainame, jambo ambalo linapendeza kulitazama na linathibitisha kwamba anafuata mshtuko wa sauti.

Vifaa navyo huharibu matokeo. Spika ya simu karibu haitoi besi kabisa, hivyo wimbo uleule unaomchezesha vizuri mbele ya sabufa humfanya afuate kayamba au sauti ya mwimbaji. Sabufa iliyowekwa juu ya meza yake humtikisa kupitia mbao, na mlio wa mota zake mwenyewe huingia katika maikrofoni kama mapigo mapya. Humweka juu ya sponji, mita moja kutoka kwenye spika.

Bado linabaki jicho la mtazamaji, ambalo huoanisha chochote na chochote. Humrekodi akicheza, nikaondoa sauti, nikaweka wimbo mwingine wenye kasi inayokaribiana, kisha nikawaonyesha watu video zote mbili bila kuwaambia ipi ni ya kweli. Wakishindwa kuzitofautisha, sihesabu kwamba ameupata wimbo. Kwa sababu hiyo, video za simu ninazotumiwa sizichukui kama ushahidi, isipokuwa zile ambazo wimbo hubadilika kasi katikati bila picha kukatwa.