Mbasela ya dukani inaweza kuwa akiba ya uzee?

Mama anayeuza unga katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, akishapima kwa kopo, anakuongezea kidogo juu: mbasela. Inaingia katika bukari (ugali) ya usiku, imekwisha. Kuna nchi ambako mbasela ya duka hailiwi. Inakuwa pesa, na pesa hiyo inapelekwa katika akiba ya uzee ya mnunuzi. Wanachama wa ushirika wetu wa akiba na mkopo hapa Lubumbashi, hasa vijana, wananiuliza kama ni jambo la kweli ama ni mtego mwingine wa kwenye simu. Ni la kweli. Lakini tufanye hesabu kwanza.

Duka halitoi sadaka. Linaachilia sehemu ndogo ya faida yake ili kesho urudi, usiende kwa jirani. Mwenye mpango anachukua chake katikati, kinachobaki ndicho chako. Uhispania kuna mpango uitwao Pensumo, ambamo maduka yaliyokubali yanachangia akiba ya mteja kufuatana na anachonunua. Marekani, kampuni ya Fidelity ina kadi inayorudisha 2% ya manunuzi kama mwenye kadi anakubali pesa hiyo iingie katika akaunti yake ya Fidelity, hata ile ya uzeeni. Mexico, mpango wa Millas para el Retiro unafanya vingine kabisa: mtu anajichagulia asilimia, na kila akinunua kwa kadi, kiasi hicho kinatoka katika pesa yake mwenyewe kwenda katika akaunti yake ya pensheni. Muuzaji hachangii kitu.

Wengi wakisikia haya wanapenda njia ya duka, maana ni ya bure. Mimi naona ya Mexico ndiyo yenye nguvu.

Chukua nyumba inayotumia dola 200 kwa mwezi kwa unga, mafuta, sabuni na makala (makaa). Ikirudishiwa 1%, ni dola 2 kwa mwezi. Kwa miaka 20 zinafika dola 480, na zikizaa riba ya 5% kwa mwaka, kama dola 820. Si za kudharau, lakini hazimtunzi mzee hata mwaka mmoja. Sasa nyumba ileile ijikate 5% ya matumizi yake, yaani dola 10 kila mwezi, juu ya zile 2. Kwa riba hiyohiyo na miaka hiyohiyo, inapata zaidi ya dola 4,900. Na mtu anayenunua kiti cha dola 300 ambacho hakukihitaji, eti arudishiwe dola 3, huyo amelipa 297 kwa furaha ya bure.

Kwetu manunuzi mengi ni ya pesa mkononi, bila risiti, kwa hiyo hakuna mpango utakaoyaona. Basi asilimia hiyo ujikate mwenyewe. Ukirudi soko, tenga sehemu yako katika M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kwenye namba ambayo hununulii kitu. Mwisho wa mwezi ihamishe kwa mara moja kwenye akaunti ya akiba. Ukihamisha vipande vipande, ada zitakula ile faida yote.

Likelemba, ile michango ya kupeana kwa zamu, iendelee; inasaidia sana kwa minerval (ada ya shule) ya watoto. Ila zamu yako ikifika unapokea yote kwa siku moja, na uzee unataka pesa inayorudi kila mwezi. Mji huu unajua: mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, waliingia katika mpango wa kuondoka kwa hiari, wakalipwa kwa mkupuo. Waulize wazee wa mtaa wako pesa ile ilidumu muda gani.

Akiba ya miaka mingi usiiache yote katika faranka. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa karibu faranka 920. Mwaka 2024 ilipita 2,800. Na mtu akikuletea mpango wa kurudishiwa pesa, muulize akaunti iko kwa jina la nani, ni kiasi gani cha chini unachoweza kutoa, pointi zinaisha lini, na kama taasisi inayoshika pesa ina ruhusa ya Benki Kuu ya Kongo. Akianza kuzungukazunguka, funga simu.

Kwa ninyi mnaolipwa mshahara, kuna jambo linalopita haya yote. Kwa pensheni ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, mfanyakazi anakatwa 5%, na mwajiri naye anaweka 5% nyingine juu yake. Hakuna duka linalorudisha hivyo. Lakini makato kuonekana kwenye karatasi ya mshahara si uthibitisho kwamba mwajiri ameyafikisha. Chukua namba yako ya uanachama, nenda ofisi ya CNSS, uliza miezi ngapi imeandikwa kwa jina lako, na urudi kuuliza tena mwaka ujao.