Je, wajua wanajuaje kimbunga kitapiga wapi?

Kimbunga hakijiendeshi chenyewe, kinabebwa na pepo kubwa za juu kama gogo linavyobebwa na mto, kwa hiyo kazi ya wataalamu ni kuusoma huo mto. Setilaiti inaona zaidi wingu kwa juu, ndo maana Marekani wana marubani wanaoingia na ndege mpaka ndani ya kimbunga na kudondosha vifaa vidogo vyenye parachuti vinavyopima upepo, joto na presha mpaka vinagusa maji. Vipimo hivyo vinaingia kwenye kompyuta kubwa sana alafu hesabu inarudiwa mara kibao, kila mara namba za kuanzia zinabadilishwa kidogo, kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha Ulaya kinarudia mara 51. Majibu yakikaribiana uhakika unakuwepo, yakitawanyika ujue bado.

Sasa ile ramani ya utabiri yenye umbo la koni, inayoonyesha katikati ya kimbunga inaweza kupita wapi, watu wengi sana wanaisoma vibaya. Upana wake sio ukubwa wa kimbunga, unatokana na makosa ya utabiri ya miaka mitano iliyopita, na katikati ya kimbunga inabaki ndani ya koni kama mara mbili tu kati ya tatu. Septemba 2022 kimbunga Ian kilipokuwa kinaelekea Florida, Marekani, watu walikodolea macho mstari wa katikati ya koni uliokuwa umeelekea mji wa Tampa, mji wa Fort Myers uko pembeni, wengine hawakuhama. Tarehe 28 kikatua zaidi ya kilomita 100 kusini ya Tampa!

Na kilichoua sana sio upepo, ni bahari, watu wapatao 40 walikufa kwa maji yaliyopanda nchi kavu. Kaskazini ya ikweta kimbunga kinazunguka kinyume cha saa, kwa hiyo Tampa, upande wa kaskazini, upepo uliyasukuma maji nje mpaka ghuba ikakupwa watu wakaona matope, huku Fort Myers Beach upepo uleule unaisukuma bahari ndani, na pale bahari ni ya kina kifupi, maji hayana pa kwenda, yakafika mita 3 hadi 4 na nusu juu ya ardhi. Kimbunga kimoja, siku moja jamani.

Huku kwetu kusini ya ikweta mzunguko ni wa saa, kwa hiyo kimbunga kikitoka baharini kuja magharibi, kama Hidaya kilivyokuja Mafia Mei 2024, wa kuiangalia sana bahari ni walioko kusini ya jicho lake, yaani katikati yake.