"Si huria hiyo? Fungua ubadilishe": dhana potofu kuhusu kuongeza huduma kwenye OpenMRS

Juzi nimeisikia tena, safari hii Ujiji, tukiwa tumekaa mbele ya sahani ya migebuka: "Lakini si huria hiyo? Fungua humo ndani ubadilishe." Aliyesema ni mfawidhi wa kituo, mtu mwema tu. Tatizo ni kwamba karibu kila mteja wa OpenMRS, programu huria ya kutunza rekodi za wagonjwa, niliyefanya naye kazi hapa Kigoma ameniambia hivyohivyo, na wawili walikuwa wameshafanya kabla hawajaniita.

Dhana yenyewe ndiyo hiyo: msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, uko wazi, kwa hiyo huduma yako ya wavuti (njia ya programu nyingine, kama ya simu, kusoma taarifa za mfumo) unaichomeka ndani ya msimbo wa mradi.

Ruhusa ya kufanya hivyo ipo, sibishi. Shida inakuja siku ya kusasisha. Kituo kimoja kando ya ziwa kilitaka simu za wahudumu wa majumbani zionyeshe jina la balozi wa nyumba kumi, maana mgonjwa akikosa kliniki, balozi ndiye anayejua kahamia wapi. Ombi la maana kabisa. Fundi aliyenitangulia akapakua msimbo wa moduli ya REST yenyewe, yaani kile kipande cha OpenMRS kinachozipa programu nyingine taarifa, akaingia kwenye darasa (sehemu ya msimbo) la lugha ya Java linalotoa taarifa za mgonjwa, akapachika jina la balozi, akajenga faili lake la omod (moduli iliyofungashwa tayari kusakinishwa) na kulipandisha kwenye seva. Ikafanya kazi, akalipwa, akaondoka. Miezi ikapita, mtu mwingine akasasisha moduli ile kama inavyotakiwa. Faili jipya likakaa mahali pa la zamani, jina la balozi likapotea, na programu ya simu, iliyozoea kulikuta hapo, ikawa inajifunga kila ikifunguliwa. Wahudumu wakarudi kwenye daftari. Mimi nikapigiwa simu kuambiwa OpenMRS imeharibika.

Haikuharibika. Na kinachoniuma ni kwamba kazi ile haikuhitaji hata mstari mmoja wa Java! Mfumo una sifa za mtu, ambazo msimamizi anaziongeza kwenye ukurasa wa utawala: unaandika "Jina la balozi", unachagua aina, unahifadhi. Tangu hapo API, mlango ambao programu nyingine zinaombea taarifa, inaitoa sifa hiyo pamoja na taarifa nyingine ukiongeza v=full (nipe zote) kwenye ombi. Kama bando ni la kubana (na kwa mhudumu wa kijijini lini halikuwa la kubana?) unaomba kwa v=custom na kutaja ndani ya mabano vile unavyovitaka tu. Nilianza baada ya chai ya saa nne, na kabla ya mchana simu zilikuwa zinasoma. Muda mrefu zaidi niliutumia kuondoa alichokiacha fundi.

Pale ambapo msimbo unahitajika kweli, tuseme unataka huduma inayojumlisha mahudhurio ya kliniki kwa kila kijiji, unajenga moduli yako. Moduli ya REST imetengenezwa ili moduli nyingine zijisajili kwake: unaandika darasa lako, unaliwekea alama ya @Resource yenye jina la njia na matoleo ya OpenMRS unayoyahudumia, nalo linatokea chini ya /ws/rest/v1 pamoja na wenzake. Anza jina hilo kwa jina la moduli yako, lisije kugongana na la mwingine. Mradi ukitoa toleo jipya, wao wanabadilisha yao. Ya kwako unaijaribu upya na kurekebisha panapobidi, lakini hakuna anayeifuta.

Kisha kuna jambo linalonifanya nionekane mkaidi: siandiki kitu kabla sijauliza. Nafungua tiketi (ombi la maandishi) kwenye mradi, naeleza hitaji lilivyo bila kuwapangia suluhisho, nasubiri siku mbili tatu. Mara nyingi jibu linakuja kuwa kitu hicho kipo, au kuna mtu ameshaanza kukijenga, nikamsaidie. Anayejifungia miezi sita na kuibuka na mistari elfu tatu kwa mpigo hukuta mradi umeshahama, na wahakiki hawana pa kuanzia. Wanataka kipande kidogo, chenye majaribio yake, kinachojibu tiketi moja. Wateja hunung'unikia siku hizo za kusubiri. Hawanung'uniki, nimeona, juu ya nakala iliyojitenga na mradi, ambayo kila rekebisho la usalama inabidi liunganishwe kwa mkono.

"Hao Wamarekani watatusikiliza sisi wa mwisho wa reli?" Mradi ulianza mwaka 2004, kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na shirika la Partners In Health, lakini mfumo ulianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Umezaliwa kwa shida kama zetu, na anayekujibu si ajabu akawa Mganda. Andika Kiingereza chako hichohicho, hakuna anayekisahihisha.

Huria maana yake majina ya wagonjwa yataonekana? Hapana. Kilicho wazi ni msimbo. Rekodi ziko kwenye seva yako, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu wewe unayezitunza. Siri zenyewe huvujishwa na nywila moja inayotumiwa na watu tisa.

Ukifuta kwa API, rekodi imeondoka? DELETE ya kawaida, amri ya kufuta, huibatilisha tu: haionekani, ila imo kwenye hifadhidata pamoja na sababu. Kuiondoa kabisa ni kuongeza purge=true kwenye amri hiyo, na haki hiyo simpi mtu wa mapokezi.

La mwisho ni la yule kijana wa takwimu aliyenipigia saa mbili usiku kwamba wagonjwa wamepotea, wamebaki 50. Hawajapotea, kaka. Hiyo 50 ndiyo idadi ambayo API hutoa kwa ukurasa usipoibadilisha. Chini ya jibu kuna kiungo kilichoandikwa next. Kifuate.