Satelaiti haioni gari lako

Karibu kila anayekuja kwangu kufunga GPS ana swali lilelile: "Fundi, nikishafunga hiki kifaa, si satelaiti itakuwa inaliona gari popote lilipo?" Haioni. Nimelijibu swali hili kwa mdomo hadi nimechoka, na juzi nimelisikia tena kwa mtu ambaye gari lake lilishaibwa na kifaa kimo ndani. Alikuwa anataka "niongee na satelaiti". Naandika ili nikiulizwa tena niwe na mahali pa kumwelekeza mtu.

Satelaiti za GPS ziko umbali wa kilomita 20,200 hivi juu ya vichwa vyetu, na kwa mmiliki wa gari zina kazi moja tu: kutangaza. Kila moja inatuma saa yake na mahali ilipo angani, usiku na mchana, kwa dunia nzima, bila kujua nani anapokea. Kifaa kilicho ndani ya gari kinasikiliza angalau nne kati ya hizo, kinalinganisha muda ambao mawimbi ya kila moja yametumia kufika, kisha kinapiga hesabu chenyewe kujua kiko wapi. Ni kama redio: unamsikia mtangazaji, yeye hakusikii. Satelaiti haijui kama una Vitz, Noah au Fuso, wala haipigi picha.

Kwa hiyo kifaa kikishajua kilipo, wewe bado hujui kitu. Kukuambia ni kazi nyingine kabisa, na kazi hiyo inafanywa na laini ya simu. Ndani ya kila kifaa kuna laini ya kawaida, ya mtandao uleule unaopigia simu, inayotuma namba za mahali gari lilipo kwenda kwenye seva, na programu iliyo kwenye simu yako inazichukua huko na kukuwekea nukta kwenye ramani. Laini ikifa, nukta inasimama. Gari litakuwa linatembea, satelaiti zinatangaza, kifaa kinajua kabisa kuwa kimefika Chalinze, na wewe unaangalia nukta iliyolala Mbezi tangu jana.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu lawama nyingi ninazozisikia kwamba GPS ni utapeli zinaanzia hapa.

Laini ya kifaa inakula bando dogo sana, mara nyingi MB chache kwa mwezi. Kwa kuwa ni dogo, watu hulisahau. Mtu analipa laki mbili kufunga, anafurahia ramani kwa wiki mbili, halafu haangalii tena hadi siku gari lisipoonekana. Siku hiyo ndiyo anagundua kwamba bando liliisha miezi mingi iliyopita, au laini imefungiwa kwa kutotumika. Na laini ni ya nani? Tangu 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Mafundi wengi wanasajili kwa majina yao ili kazi iende haraka. Fundi akihama, akigombana na kampuni au akibadilisha biashara, umebaki na kifaa ambacho laini yake huna mamlaka nayo. Kabla hujalipa, uliza imesajiliwa kwa jina la nani na nani anaongeza bando. Kama anayekufungia hana jibu la moja kwa moja, tafuta mwingine.

Kuna mpaka pia. Gari likivuka Tunduma, Namanga au Sirari, laini ya hapa inanyamaza isipokuwa iwe imewezeshwa kutumia data nchi ya pili. Wanaosafirisha mizigo wanalijua hili na wanalilipia. Mwenye gari dogo haambiwi, na yeye ndiye ambaye gari lake likivuka halirudi.

Na pori. Pasipo na mnara kifaa kizuri hakipotezi kumbukumbu: kinahifadhi kila sehemu kilipopita, na kikipata mtandao kinamwaga zote kwa mpigo. Kwa mwenye basi hiyo inatosha, kwani anachotaka ni kujua dereva alikwendaje. Kwa mtu anayekimbizana na mwizi, njia ya masaa mawili yaliyopita ina msaada mdogo.

Nikisema hivi naulizwa, mbona LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wanayaona mabasi ya mikoani? Wanayaona kwa sababu mfumo wao wa kufuatilia magari, VTS, una watu ambao kazi yao ni kuutazama, una kanuni, na una adhabu kwa basi linalopita kilomita 80 kwa saa au linalozima kifaa. Kifaa cha basi hakijafichwa na hakipambani na mwizi. Yule dereva ana leseni yake na anajulikana kwa jina. Ukichukua kifaa cha namna hiyohiyo ukakiweka kwenye gari lako bila mtu wa kukitazama, umenunua nusu ya mfumo, tena ile nusu ya bei rahisi.

Wamarekani walilijua hili mapema. LoJack ilianza Massachusetts mwaka 1986 bila GPS kabisa. Kilikuwa kisambaza mawimbi ya redio kilichofichwa ndani ya gari, na vipokezi vyake vilikuwa ndani ya magari ya polisi wenyewe. Gari likiripotiwa kuibwa, kisambazi kinawashwa, na askari walio barabarani wanaanza kulisikia, hata likiwa ndani ya gereji. Nguvu yake ilikuwa kwa yule aliyeshika kipokezi. Sisi hapa askari wa kituo hana skrini ya gari lako. Ataliona kwenye simu yako, ukishafika kituoni, ukishapewa RB (namba ya taarifa yako polisi), na kama kuna gari la kwendea.

Sasa ufungaji. Fundi mwenye haraka anakiweka chini ya dashibodi upande wa dereva, anachukua umeme kwenye waya wa swichi, anafunga kwa tepu nyeusi inayong'aa, dakika ishirini kazi imekwisha. Mwizi naye anaanzia hapohapo. Kifaa kikae mahali ambapo kukifikia lazima ufungue kitu cha kusumbua, upande wa antena ukitazama juu, na juu yake pawe na plastiki, si bati. Mawimbi ya satelaiti yakifika ardhini ni dhaifu mno, bati linayazima. Waya zizungushiwe tepu ya kitambaa ili zifanane na za kiwandani. Usiguse soketi za njano, hizo ni za eabagi. Betri ya ndani ya kifaa ni ndogo. Mwizi akichomoa betri ya gari unabaki na saa chache, basi. Na ukiwa Kariakoo katikati ya maghorofa, mawimbi yanagonga kuta kabla ya kufika, nukta inaweza kukaa mtaa wa pili na gari liko Mtaa wa Kongo. Huo si ubovu.

Kama una gari la thamani, nakushauri vifaa viwili. Kimoja cha waya, cha kawaida. Cha pili kisicho na waya wowote, chenye betri yake, kinacholala na kuamka mara moja au mbili kwa siku kutuma kilipo kisha kulala tena. Mwizi akishakitoa cha kwanza huwa anaamini amemaliza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mpaka leo nalifunga nikisita: rilei ya kuzima injini, yaani swichi ndogo ya umeme inayokata pampu ya mafuta kwa amri ya simu. Kila tangazo linaiweka mbele. "Zima gari lako popote ulipo kwa simu." Wateja wanaipenda kuliko kitu kingine chochote, na naelewa kwa nini, inampa mtu hisia kwamba bado ana mkono kwenye gari. Lakini fikiria gari linakwenda kasi Barabara ya Morogoro usiku, injini inakatika ghafla. Stelingi inakuwa nzito. Breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili, baada ya hapo unakanyaga jiwe. Nyuma kuna lori. Ndani ya gari huenda yumo mwizi, huenda yumo mtu aliyetekwa nalo, huenda kuna mtoto kiti cha nyuma. Vifaa vingi vinaweza kupangwa visikate mpaka mwendo ushuke chini ya kilomita 20 kwa saa, na mimi sifungi rilei bila kupanga hivyo. Asiyetaka mpangilio huo aende kwingine.

Halafu kuna kitu ambacho tangazo halikisemi. Rilei yenyewe tunaifunga kwenye miguu ya 30 na 87a, maana yake ikikosa umeme umeme wa pampu ya mafuta unaendelea kupita na gari linawaka. Tunafanya hivyo kwa makusudi: kifaa kikiharibika usiku uko na familia njiani, gari lisikufie. Lakini maana yake nyingine ni kwamba mwizi akikipata kifaa na kukichomoa, injini inarudi kuwa yake. Ningeweza kuifunga kinyume, na wapo wanaoomba hivyo. Nimekataa, kwa sababu naona gari lililozimika lenyewe porini ni hatari ya mara nyingi kuliko mwizi anayejua kutafuta rilei. Fundi mwingine anayeijua kazi anaweza kubishana nami hapa, na sitasema hana hoja.

Mwenye uwezo wa kuzima gari lako ni nani? Ni yeyote mwenye namba ya laini ile na nywila. Vifaa vingi vya bei nafuu vinatoka kiwandani na nywila 123456, na mafundi wanaviacha hivyohivyo. Julai 2022 watafiti wa BitSight, kampuni ya usalama wa mtandao, walitangaza udhaifu mkubwa kwenye kifaa cha GPS cha MiCODUS MV720, kiasi kwamba mtu wa mbali angeweza kulifuatilia gari na hata kukata mafuta, na nywila yake ya kiwandani ilikuwa hiyohiyo 123456. Badilisha nywila mbele ya fundi kabla hujaondoka gereji. Umeajiri dereva na ulimpa programu kwenye simu yake? Akiondoka, badilisha tena.

Vizuia mawimbi vipo, vinachomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, na vinafanya kazi. Mwaka 2012 dereva mmoja wa New Jersey alikuwa na kimoja kwenye pikapu ya kazini ili bosi wake asijue anakokwenda. Kilivuruga mfumo wa kuongozea ndege uwanja wa Newark, na mwaka uliofuata tume ya mawasiliano ya Marekani ikampiga faini ya dola 31,875. Kama kidude cha kujifichia bosi kinaufikia uwanja wa ndege, GPS iliyo hatua moja kutoka hapo haina ubishi nacho. Kampuni inayokuambia kifaa chao hakizuiliki inakudanganya. Kilicho bora ni kifaa kinachotambua kwamba kinazuiwa na kampuni inayoona ukimya huo na kukupigia saa hiyohiyo.

AirTag, kile kidude cha Apple cha kutafutia vitu, nitaipitia haraka. Haina GPS wala laini. Inategemea iPhone ya mtu mwingine ipite karibu. Masaki mchana utaliona gari. Barabara ya vumbi usiku, hapana. Na tangu Julai 2023 hata simu za Android zinamwonya mtu kwamba kuna AirTag isiyo yake inatembea naye, pamoja na mwizi wako.

Stika ya "gari hili lina GPS" nayo inaniletea mabishano. LoJack ilikuwa inafichwa bila alama yoyote nje ya gari. Mwaka 1998 Ian Ayres na Steven Levitt walionyesha kwamba wizi wa magari ulipungua hata kwa wasiokuwa nacho, kwa kuwa mwizi hakuweza kujua lipi ni lipi. Stika inalisaidia gari moja na kumsukuma mwizi kwa jirani. Tena inamwambia mtaalamu atafute kabla ya kuondoka. Mimi siibandiki labda mteja asisitize.

Pesa, basi. Kama gari linafanya teksi mtandao, linakodishwa, au una pikipiki na bajaji za mikataba mikononi mwa vijana, funga. Utairudisha gharama kwa kujua mwendo, njia na mahali chombo kinapolala, hata kisipoibwa kamwe. Kama ni Vitz lako, linalala ndani ya geti na lina bima kubwa, anza na swichi ya siri kwenye pampu ya mafuta na kufuli la stelingi. Ni bei ndogo na vinamzuia mwizi kuondoka, kitu ambacho GPS haikifanyi. Kama hofu yako ni vioo vya pembeni, taa na redio, usinunue GPS. Gari litakuwa palepale kwenye ramani, bila vioo.

Ukinunua, lipa zaidi kwa kampuni yenye mtu anayepokea simu saa nane usiku. Jaribu: piga saa hiyo kabla ya kutoa hela. Kila Jumamosi fungua programu uangalie kama nukta inatembea na gari. Na likiibwa, pigia kampuni kwanza, kisha nenda kituo cha karibu uchukue RB, ukiwa na kadi ya gari, simu yenye chaji na nywila unayoikumbuka. Usirushe ramani kwenye magrupu ya WhatsApp, na usiifuate ile nukta peke yako na shemeji yako. Nenda na askari.